Nilisifia Mkasi

Mama yangu alinifunza adabu nyingi, na moja katika hizo nimeilipia. Ukiingia nyumba ya watu, alikuwa akisema, usisifie kitu. Ukisifia bila ya kutamka mashaallah, utaambiwa umekitia jicho. Ukitamka mashaallah, mwenyewe ataona haya asikupe, atakupa, na roho itamuuma mwaka mzima. "Shukuru kwa kahawa, shukuru kwa mazungumzo, uondoke." Nimelelewa hivyo pale Malindi, Unguja mjini, na mpaka naolewa nilikuwa sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba pazia lake zuri.

Nayasema haya mwanzo ili msomaji asinione mjinga kuliko nilivyokuwa.

Shoga yangu alikuwa fundi cherehani upande wa Ng'ambo. Wazee wake walitoka bara, yeye kazaliwa Kikwajuni, na chumba chake kimoja cha mbele kilikuwa ndiyo duka, ndiyo baraza, ndiyo mahakama ya wanawake wote waliogombana na waume zao. Alinishonea nguo zangu za harusi. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano zake. "Nyinyi watu wa Malindi," alikuwa akinitania, "milango ya kuchonga, ndani mnakula muhogo kama sisi." Nami nikimjibu kwamba muhogo wetu una nazi. Tulicheka sana, mimi na yeye, katika miaka ambayo watu walikuwa hawajaanza kuogopana.

Kisha ukaja mwaka wa mapinduzi. Bunduki zilinyamaza baada ya siku chache, lakini hofu ilibaki. Mume wangu alikuwa karani, akaambiwa asirudi kazini. Ikawa nyumba zinapekuliwa, leo mtaa huu, kesho ule, na kila aliyekutwa na kitu cha thamani alitakiwa aeleze amekipata wapi na anamfichia nani. Sisi hatukuwa matajiri. Tulikuwa na mrashi mmoja wa fedha, ule wa shingo ndefu wa kunyunyizia wageni marashi siku ya maulidi au harusi, alioniachia mama. Mume wangu alitaka tuutupe kisimani. Nikamwambia atangulie yeye.

Asubuhi moja niliufunga mrashi ndani ya vitambaa, nikautia kikapuni, juu yake nikaweka magauni mawili ya kupunguzwa, nikavuka Darajani kwenda kwa fundi wangu. Njiani nilisimamishwa mara moja. Kijana mwenye bunduki aliinua gauni la juu kwa ncha ya kidole, akaliona la pili, akachoka. Nilipofika kwa shoga yangu nilikaa chini hapohapo mlangoni.

Alifungua vile vitambaa, akavifunga tena.

"Amana?" akaniuliza.

"Amana."

"Haya. Ukiutaka uje mwenyewe. Usimtume mtu, hata mumeo. Mtu mwengine simpi."

Hayo tu. Hakuuliza mengine wala sikumweleza. Lakini kabla sijaondoka niliona nyuma ya cherehani saa ya ukutani ambayo haikuwa yake, na furushi la shuka lililofungwa fundo, nikajua kwamba si mimi peke yangu niliyevuka Darajani na magauni ya kupunguzwa.

Miaka ikapita. Upekuzi ulipungua, maneno hayakupungua. Mara nyingi nilitaka kwenda kuuchukua mrashi wangu, na kila mara nikajiambia bado. Ukae kwake, kwake kuna salama. Yeye mwenyewe hakunikumbusha hata siku moja. Tulizungumza habari za vitambaa, na bei, na foleni za mchele, na mrashi hatukuutaja, kwa sababu siku zile kitu ulichokitaja kwa sauti ndicho kilichokujia mlangoni.

Alikufa kwa homa ya siku tatu. Hakuwa na mume tena na hakujaliwa mtoto. Mimi nilikaa na wanawake tunalia, mume wangu akenda na wanaume kuzika. Jioni aliporudi alivua viatu taratibu sana, nikajua ana neno.

"Kabla ya kuswaliwa," akasema, "mjomba wake alisimama mbele ya jeneza. Akasema, kama kuna anayemdai marehemu, au aliyeweka amana yake kwake, ajitokeze sasa hivi au awaendee jamaa zake."

"Enhe?"

"Pakawa kimya. Nikanyamaza na mimi."

Kila mtu kwetu anajua maana ya tangazo lile. Aliyekufa na haki za watu shingoni hafunguki mpaka haki zile zitoke, au wenyewe waseme kwa vinywa vyao kwamba wamesamehe. Ndiyo maana huulizwa mbele ya watu, na ndiyo maana huulizwa mapema, kabla udongo haujarudishwa. Nilikuwa nayajua hayo tangu chuoni, nilipokuwa nikisoma Kurani. Nikamtazama mume wangu, nikafikiria safu ile ya wanaume pale, nani ni masikio ya nani, nikamwambia: "Umefanya vyema."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Sitaki kujipamba.

Ulipita mwaka. Nyumba za mtaa ule wa shoga yangu zilivunjwa kwa ajili ya majumba mapya ya Michenzani, na dada yake mkubwa, aliyekuwa akikaa Bububu, akahamisha vitu vyote vya chumba kile akenda navyo kwake. Kisha habari zikaanza kuzunguka mjini, kutoka kikao cha wanawake hiki mpaka kile, kwamba dada wa marehemu ametenga chumba, amevipanga vitu vya mdogo wake juu ya meza, na anawaomba wote waliokuwa wakimjua waende wakamkumbuke. Watu walicheka. Makumbusho sisi tulikuwa tunayajua yale ya Mnazi Mmoja tulikopelekwa na shule, yenye vioo na mifupa. "Makumbusho ya fundi cherehani!" wakasema. "Tutaoneshwa nini, pini?"

Mimi sikucheka. Usiku ule nililala nikiwaza jambo moja tu, kama mrashi wangu umo juu ya meza ile.

Nilipanda basi la Bububu siku ya Jumatano. Niliposhuka na kuanza kufuata njia ya kwenda kwa yule dada, nilipishana na bibi mmoja nisiyemjua, ameshika kitu kikubwa kilichofunikwa kwa gazeti, amekikumbatia kifuani. Nilimsalimu. Hakuniitikia, alikaza mwendo. Nikasema moyoni, watu wa siku hizi hata salamu zimewashinda.

"Hodi."

"Karibu, pita ndani."

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Malindi, uliyekuwa ukija na magauni?"

Alijuaje magauni? Mwanamke yule alikuwa mtu mzima, mkavu, mweusi wa kung'aa, na macho yake hayakutulia usoni pangu. Yalikuwa yakitazama mikono yangu. Nikawaza, huyu ananipima. Siku zile tulikuwa tukimpima kila mtu, na kila mtu akitupima, na nyumba nyingi zilivunjika hivyo, achilia mbali zile zilizovunjwa kwa nyundo.

Chumba kilikuwa kidogo, kimefagiliwa vizuri. Cherehani ipo katikati, imefunikwa kwa kanga yake. Juu ya meza mbili ndefu vilipangwa vitu: kikasha cha vifungo, futi ya kitambaa, pasi ya makaa, mkasi wake mkubwa alioufunga vitambaa pale pa kushikia kwa sababu ulikuwa ukimchubua. Hivyo nilivijua vyote. Lakini katikati yao vilikuwemo vyengine, buli la shaba, msahafu wenye jalada la ngozi, bangili moja ya fedha, sinia. Na mrashi wangu, umesuguliwa, unang'ara. Mbele ya kila kitu kimewekwa kikaratasi chenye maneno mawili tu: Cha marehemu.

Nilikisoma kile kikaratasi cha mrashi mara mbili. Cha marehemu! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kumwambia yule mama, cha marehemu gani, bibi, marehemu yupi, mama yangu au mdogo wako? Badala yake niliketi kwenye mkeka, nikapokea kahawa.

Hatujamaliza kikombe cha kwanza, akaingia mwanamume. Alikuwa mjumbe wa chama wa pale mtaani, mtu mnene wa upole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Hamjambo humu?"

"Hatujambo, bwana mjumbe. Karibu kahawa."

"Nshakunywa. Mgeni wetu katokea wapi?"

"Mjini. Shoga yake marehemu."

"Mjini wapi?"

"Malindi," nikasema mwenyewe, na sauti ikatoka ndogo.

Hakuandika popote, alitikisa kichwa tu. Akaanza kuzunguka meza, mikono nyuma, anasoma kila kikaratasi utadhani hayakuwa maneno yaleyale. Alipofika kwenye mrashi akaunyanyua, akaupima uzito kwa kiganja.

"Fedha hii?"

"Fedha," akajibu dada.

"Fundi cherehani?"

"Kaachiwa na wazee."

"Wazee wenu walikuwa wachukuzi bandarini, nnavyokumbuka mimi."

"Hata mchukuzi hupewa zawadi, bwana mjumbe."

Alicheka kidogo, asiuweke chini. Hapo ndipo yule mama aliponigeukia mimi. Mpaka leo naisikia sauti yake, imekazwa, kila neno peke yake.

"Bibi, umeviona vyote. Kipi kilichokupendeza?"

Nikarudi kwa mama yangu, kwa adabu yangu. "Vyote vizuri, mashaallah. Mungu amrehemu. Ahsante kwa kunikaribisha."

"Vyote ni vyote. Mimi nnakuuliza kimoja."

"Dada, mimi nimekuja kumkumbuka tu."

"Unamkumbuka kwa kitu gani? Kitaje."

Mara ya tatu hiyo. Mjumbe amegeuka ananitazama, mrashi wangu mkononi mwake. Nikajua kwa yakini kwamba nimetegwa. Wamepanga, huyu anauliza, yule anasikiliza, na atakayesema "mrashi" ataulizwa kwa nini mrashi, na wa nani, na ulifichwa lini. Macho yangu yalikimbia juu ya meza yakitafuta kitu kisicho na hatari, kitu ambacho Unguja nzima ilikuwa inajua ni chake.

"Mkasi," nikasema. "Mkasi huu mzuri."

Yule mama alinitazama kwa muda. Nilidhani uso ule ni wa hasira. Kisha akauchukua mkasi, akaufunga kwenye gazeti, akanipa.

"Chukua. Ni wako."

Nilikataa, akanishikisha kwa nguvu. Mjumbe akatabasamu, akasema haya ndiyo makumbusho ya kweli, mtu anasifia anapewa. Nikatoka pale na gazeti langu kwapani.

Nyumbani nilivua buibui na kuanza kupiga kelele. Nilimwambia mume wangu kwamba yule mwanamke ameula mrashi wangu mchana kweupe, ameuandikia karatasi, na kunifunga mdomo amenipa mkasi. Mume wangu alisikiliza, akasema, "Labda ukate nao mchele, si umebaki kidogo." Sikuzungumza naye mpaka magharibi.

Lakini zawadi ni zawadi, hata ukiichukia. Aliyepewa lazima arudi kushukuru, na harudi mikono mitupu. Baada ya wiki niliroweka mchele wetu wa kula siku nne, nikausaga, nikatia nazi na hiliki na sukari niliyoazima kwa jirani, nikapika mkate wa kumimina. Naungama kwamba niliupika kwa chuki. Nilitaka niuweke mbele yake, nimshukuru kwa maneno ya adabu yaliyojaa miba, na ajue kwamba najua. Basini nilikuwa nikiyapanga maneno yale kichwani, lipi litangulie.

Nilimkuta peke yake, anafagia chumba kilekile. Meza moja ilikuwa imeondolewa. Iliyobaki ilikuwa na vitu vya kushonea tu. Buli halipo, msahafu haupo, bangili haipo. Mrashi haupo.

Maneno yangu yote niliyoyapanga yakachanganyika. Nikaweka sahani chini.

"Nimekuja kushukuru, dada," nikasema. "Ahsante kwa mkasi. Ingawa mimi si fundi, na nilikuwa sijui kwamba vitu vya marehemu vinagaiwa kila mtu."

Aliacha kufagia. Akaenda akafunga mlango, akarudi akakaa karibu nami, magoti yetu yakagusana.

"Siku ya kufa," akasema kwa sauti ya chini, "mdogo wangu alinishika mkono akanambia, dada, vilivyo nyuma ya cherehani si vyangu. Vya watu. Nikamuuliza vya nani? Ulimi ulikuwa mzito. Akasema, watavijua wenyewe. Hajasema tena."

Nilisogeza sahani ya mkate kando.

"Pale kwenye jeneza mjomba kauliza, hakutoka mtu. Mimi ntafanya nini? Nisimame sokoni ninadi, nani kaficha fedha kwa mdogo wangu? Si ntawaua? Wewe nlikusikia kwa mdogo wangu tu, mtu wa Malindi mwenye magauni, na chako sikukijua, wala wao sikuwajua. Basi nkasema ntavipanga, ntawaita, kila mmoja ntamuuliza kapenda nini. Mwenye chake atakitaja, nami ntampa, na hata mjumbe akiwepo ataona zawadi tu. Na nikaapa sitamnyima mtu alichokitaja, maana nkimnyima mmoja, wengine wataulizwa walipewa kwa nini." Akavuta pumzi. "Saa imekwenda. Sinia limekwenda. Msahafu mwenyewe kaubusu akalia mpaka nkaogopa. Wote walijua. Wewe ukasema mkasi."

"Uliniona vipi?"

"Nlikuona mwongo. Mkasi ule nlimnunulia mimi."

Nikauliza nilichokuwa nakiogopa. "Na mrashi?"

"Mjumbe anamwoza binti yake." Aliyasema haya akitazama sakafu. "Siku ile kaona umeusifia mkasi ukapewa. Kesho yake asubuhi akaja. Hakuutaka kwa nguvu, hapana. Kasimama pale, kasema, mama, mimi katika vyote umenipendeza mrashi. Mbele ya mkewe. Ntamwambia nini?"

Kisha akaanza kulia, na hakulilia fedha. "Huo tu ndio uliobaki," akasema. "Vyote nimevifikisha. Huo mmoja nimeutoa kwa asiyekuwa wake, na mwenyewe simjui. Mdogo wangu kafungika kwa mrashi, na aliyemfunga ni mimi."

Nilikuwa naweza kunyamaza. Nasema kweli, nililifikiria hilo, pale pale, magoti yangu yakigusana na yake. Nikinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Nikisema, namthibitishia kwamba ametoa amana ya mtu, na ninatia jina langu kinywani mwa mwanamke anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwa mjumbe. Lakini alikuwa analia, na shoga yangu alikuwa mwaka mzima udongoni, na mimi ndiye niliyesema umefanya vyema.

"Mrashi wangu," nikasema. "Wa mama yangu. Nilimpa mdogo wako kwa mkono wangu."

Alinyanyua uso.

"Nimemsamehe," nikaendelea haraka, kabla sijajuta. "Nimemhalalishia duniani na akhera. Hana deni langu. Ushuhudie."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akanitaka mara ya tatu, nikasema. Moyo wangu, kama mtu anataka kujua, ulikuwa bado unaulilia ule mrashi, na ungeulilia miaka mingi. Lakini ulimi ulisema, na ulimi ndio uliotakiwa.

Alijifuta macho kwa ukingo wa kanga. Baadaye akaniuliza, pole pole, bila ya ukali: "Mumeo alikuwepo siku ya maziko?"

"Alikuwepo."

"Alisikia?"

"Alisikia. Alikuja akanambia siku ileile."

Nilingoja anifukuze. Nikamshika mikono, nikamwambia anisamehe, yeye kwa niaba yake na kwa niaba ya mdogo wake, kwa ule mwaka, kwa ule mkasi, kwa maneno niliyomjia nayo leo.

"Mimi nshakusamehe," akasema. "Lakini nkwambie kitu. Tangu siku ile alipokosekana mtu wa kujitokeza, kila nikiswali nilikuwa nnamuombea mtu nisiyemjua. Nasema, Mola wangu, huyo mwenye haki juu ya mdogo wangu, mwondoshee hofu afungue kinywa. Mwaka mzima." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Kumbe nilikuwa nnakuombea wewe."